Dada Asiyejua Kuimba

Dada anayemtunza mzee huimba vibaya, tena kwa bidii. Kila asubuhi huingia chumbani na shati safi begani, akaanza wimbo uleule wa kwaya, na akifika kwenye kiitikio sauti inamteleza palepale, ikaenda upogo kama gari lililopasuka tairi. Mzee, aliyefundisha kwaya tangu ujanani na ambaye siku hizi humkaribisha binti yake wa kumzaa kama mgeni, hukunja uso kama aliyeng'ata ndimu. "Hapana, hapana. Hapo unapanda, mwanangu. Tazama mkono." Mikono yake miwili inapaa kuongoza. Dada, huku akiitikia "ndiyo, Mwalimu," anapitisha mkono wa kwanza wa shati, kisha wa pili, na vifungo vinafuata mapigo. Binti husimama mlangoni akitazama. Yeye alipokuwa akimvalisha baba yake, ilikuwa mieleka mitupu, na aliwahi kurushiwa kiatu.

Jumamosi moja binti alirudi mapema kutoka sokoni, akasikia uani mtu akiimba wimbo ule. Sauti ilikuwa laini, imenyooka, ikapanda kwenye kiitikio bila kuyumba hata chembe. Alidhani ni redio. Kumbe ni dada, anaanika mashati ya mzee.

"Dada, kumbe unajua kuimba hivi?"

Dada akatupia jicho dirisha la mzee, akabana kibanio kwenye kola.

"Taratibu, asisikie. Nikipatia, Mwalimu ataamkia kazi gani?"