Madirisha ya Chini

Babu mzaa mama alijenga nyumba ya wageni kando ya barabara ya kutoka Bunia kwenda Marabo, na hakuomba ushauri wa mtu. Matofali aliyachoma mwenyewe. Vyumba vilizunguka ua pande tatu, vikiunganishwa na baraza ndefu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa mpaka sisi watoto tukawa tunateleza juu yake kwa makalio. Upande wa barabara hakuweka dirisha hata moja. Yote yalitazama uani, tena yalianzia chini, karibu na goti, hata ukipita unaona soksi za mgeni. Watu wa mjini walicheka, naye akawaacha wacheke. Wageni wake walikuwa madereva wa malori ya mbao kutoka Mambasa; malori waliyaegesha uani, na vyumba vilijaa.

Mama alipoirithi hakugusa kitu ila mabati. Kisha kaka yangu akarudi kutoka Kisangani, alikokaa miaka mingi, simu yake imejaa picha za hoteli. Nampenda kaka yangu, lakini akianza kusema "moderni" natamani kumrushia sufuria.

"Mama, madirisha hii iko kama ya nyumba ya kuku," alisema. "Mugeni analala, watu wote wanamuangalia. Tupandishe juu."

Mama aliyatazama yale madirisha. Nyumba ile ndiyo ilitulisha; wageni wakikimbia, tumekwisha.

"Anza na upande moya," akasema.

Upande mmoja ukapata madirisha ya juu, mapazia na rangi ya maziwa. Ulipendeza, sikatai. Dereva wa kwanza aliingia akausifu, lakini asubuhi tulimkuta amelala barazani, godoro kalikokota mwenyewe. Tukasingizia joto. Wakafuata wengine, mpaka baraza ikafanana na wodi ya hospitali, na vyumba vipya vikabaki na mapazia yake.

Kaka aliumia. Alimwendea dereva mmoja mzee aliyekuwa akikunja blanketi.

"Muzee, chumba iko mubaya?"

"Iko muzuri sana, mutoto yangu. Lakini kamyo yangu inalala inje na mizigo. Nikifungua jicho, nataka kuiona."

Kaka aliingia chumbani akajitupa kitandani na viatu vyake. Kutoka pale aliona kipande cha mbingu tu. Dirisha lake alilipima akiwa amesimama. Babu alipima akiwa amelala. Nilicheka bila huruma, ingawa hata mimi, niliyekulia pale, sikuwahi kuwaza hilo.

"Mama, weye ulijua?" aliuliza alipotoka.

"Nilijua."

"Sasa ulinyamaza sababu gani?"

"Niliogopa utakasirika, urudie Kisangani."

Kaka alichukua nyundo, akayabomoa madirisha ya juu mwenyewe, bila fundi, na kila alipojigonga kidole nilisikia raha kidogo. Dirisha la kwanza la chini lilipokuwa tayari, alilala tena kitandani kulijaribu. Mama alikuwa ameketi uani akichagua maharage, na hapakuwa na lori hata moja.

"Unaona kamyo?" mama aliuliza.

"Kamyo hapana. Niko naona weye."

Mama aliinamia ungo, mikono ikasimama.

"Basi lala," akasema. "Ata miye niko nakuona."