Maji ya Kumi na Mbili

Kumbukumbu hii, mwanangu, inaanzia siku niliyopiga karai teke. Maji yakalowesha viatu vya fundi wangu, Arap Rotich, na picha za harusi ya watu wa Merigi zikatapakaa sakafuni. Wewe ulikuwa mgongoni, unalilia kunyonya.

"Bado," alikuwa ameniambia.

"Bado nini? Nimebadilisha maji mara sita!"

"Ni mara kumi na mbili, Mama Chebet."

"Mimi nimefika form four, mzee. Sikuja hapa kuwa dobi."

"Form four haioshi picha."

Hapo mguu ukaondoka wenyewe.

Arap Rotich alikuwa na studio Silibwet, na mimi nilikuwa nimejifunza kwake mwaka mzima. Ndani ya chumba cha giza nilishajua kukinga uso wa mtu kwa kiganja mwanga usiuzidi ukatoka mweusi tii, na kuyaongezea mawingu mwanga yakolee mpaka mvua ionekane inakuja juu ya majani chai. Nilijua kwamba siku za baridi dawa ya kutolea picha inalala, haifanyi kazi, lazima uipashe kidogo kwa jiko. Nilijiona fundi. Lakini kila jioni mzee ananirudisha kwenye maji, na bomba hatuna: chota kwenye tangi la mvua, mwaga, chota tena. Hakuwahi kuniambia kwa nini. Hilo ni kosa lake, na silifuti.

Kesho yake nikapeleka barua ya malalamiko kwa chifu. Mzee akaitwa mbele ya watu. Hakujitetea. Alisema tu, "Basi, aoshe anavyotaka."

Nikaosha nilivyotaka. Wiki hiyo kogo wako, mama yangu, alishuka kutoka Kimulot na leso mpya kichwani, akakaa mbele ya kamera mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Aliogopa kucheka kwa sababu ya meno. "Mama, cheka tu," nikamwambia. Akacheka. Filamu yake na picha yake nikazipa maji mara mbili, nikakimbia kukunyonyesha.

Alifariki kabla hujaanza kutembea. Picha ukutani ikaanza kuwa njano pembeni, halafu mdomo ukaenda, halafu macho. Ningetoa nyingine, lakini filamu nayo ilikuwa madoa matupu. Nikampelekea Arap Rotich filamu hiyo nikilia. Akaiinua dirishani.

"Dawa inayoshika picha ndiyo inayoila, ikibaki ndani," akasema. "Maji ndiyo yanaitoa."

Maneno machache hivyo. Mwaka mzima yeye hakuyasema, na mimi mwaka mzima sikuuliza. Nilipiga kelele tu.

Mwanangu, kazi usiyoielewa ikikuchosha, uliza sababu yake kabla hujakasirika. Uliza hata kama aliyekupa ni mkali, hata kama mtoto analia. Ukishajua ndipo upige teke, kama bado unaona haja. Mungu akupe mikono yenye subira kuliko yangu, na uzeeni ukute nyuso za watu wako wote bado ziko ukutani.

Picha ya kogo hutaiona, kwa sababu yangu. Nakuachia nakala ya barua yangu, ambayo haijafifia hata herufi moja:

"Kwa Chifu. Nalalamika rasmi juu ya fundi wa picha wa Silibwet. Ananilazimisha kubadilisha maji mara kumi na mbili kwa picha ambazo mtu yeyote mwenye macho anaona ni safi. Ananipotezea wakati na kumnyima mtoto wangu maziwa. Naomba akatazwe."