Siku Tuliyojihesabu Tukazidi

Mtanicheka nikimaliza, si sasa, maana nikianza kuchekwa katikati nitasahau nilikofika. Hadi leo nikipita soko la Kitale na trei zangu za mayai kuna wanaume wawili wauza kabichi wananiwikia, kokorikoo, mchana kweupe, mbele ya wateja, na mimi nawapungia mkono kama mheshimiwa (nifanyeje, niwarushie mayai?). Jina langu ni Nasimiyu lakini wao wananiita Koplo wa Kuku. Ukoplo ni wa kweli, niliupata jeshini kwa jasho langu, lakini hayo ya kuku niliyapata asubuhi moja tu, kwa uamuzi mdogo ambao hakuna aliyenituma kuufanya.

Wakati huo nilikuwa naishi kwa Mama Njeri. Nje ya Kitale, upande wa kwenda mji wa Kwanza, kuna nyumba kubwa ya zamani iliyozungukwa na mahindi pande tatu, na humo Mama Njeri, mjane mkulima asiyependa maneno mengi, huwapokea wanawake waliotoka jeshini wakiwa na watoto na hawana pa kulala. Msishangae kwamba tupo. Mtu analitumikia taifa, anarudi, mume ameoa mwingine, kodi imemshinda, na kwetu Kabuchai kaka zangu waliniambia kwa adabu kabisa kwamba mwanamke aliyeshika bunduki akilala bomani ng'ombe hawatazaa. Nikambeba binti yangu Neema na begi moja. Kwa Mama Njeri unapewa chumba, mtoto anaenda shule, unafundishwa kazi, unatafutiwa mwajiri, ukipata unaondoka unamwachia mwenzako kitanda. Tulikuwa wanawake saba na nyumba ilikuwa imejaa.

Basi Mama Njeri akatangaza kwamba Bwana Wafula, mwenye maghala ya mahindi kule Bungoma, anakuja Jumamosi kuchagua walinzi wawili, na kazi ina chumba cha kuishi na mtoto. Nilikitaka kile chumba mpaka nikawa nakiota. Neema alikuwa ameanza kuniuliza, kila akilala, kama hapa pia watatufukuza, na mimi nilikuwa nimechoka kumjibu kwa wimbo. Mama Njeri alisema tumkaribishe mgeni kwa chai na tuongee naye kiungwana, yatosha. Mimi nikaona haitoshi. Nikasema tumpigie gwaride, niongoze mimi, na gwaride lisilo na kujihesabu si gwaride.

Kwa asiyejua, kujihesabu ni hivi: watu wanasimama mstari mmoja, kiongozi anaamuru, wa kwanza kulia anasema moja, jirani yake mbili, hivyo hivyo hadi mwisho wa kushoto, haraka, bila kufikiri. Huko kutofikiri ndiko tunakofundishwa. Ukikaa jeshini vya kutosha mdomo wako unajibu kabla yako.

Jumatatu asubuhi tukafanya mazoezi uani. Ukungu ulikuwa umeshuka ule wa Trans-Nzoia, mzito, mahindi unayasikia yakidondosha maji lakini huyaoni. Wenzangu sita wamejipanga, mimi mbele yao, nikaamuru. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

"Saba."

Sauti ilitoka mwisho wa kushoto kabisa, karibu na Chebet aliyesema sita, mahali ambapo hapakuwa na mtu, nyasi mbichi tu. Ilikuwa sauti ya chini, kavu, kama ya mtu aliyeamka bila kunywa maji. Chebet akageuza shingo polepole akatazama kushoto kwake, halafu akanitazama mimi. Watoto walikuwa jikoni na uji wao, nilisikia vijiko.

Nitawaambia kitu ambacho sikumwambia mtu siku ile. Niliijua ile sauti. Kikosini kwetu aliyekuwa akisimama mwisho kushoto ni Akinyi, rafiki yangu, mfupi kuliko sote, na kila asubuhi alikuwa akimalizia hesabu kwa koo kavu namna hiyo hiyo mpaka tunamcheka. Gari lake lilitoka siku moja kule mpakani halikurudi. Nilimpenda sana Akinyi. Nikajiambia ni mwangwi wa ukuta, nikaamuru watawanyike.

Jumatano tukarudia. Sita ikasemwa, na mara hii "saba" ikatoka mbali, ndani ya mahindi, na mahindi yakatikisika mahali pamoja tu, na upepo haukuwepo. Tukakimbilia jikoni (mimi nikijifanya naenda kuangalia moto) na pale mlangoni kwenye matope tukakuta nyayo za mtoto, ndogo kuliko za mtoto yeyote wa nyumba ile, zimetoka kwenye mahindi zimefika kwenye sufuria ya uji. Za kurudi hazikuwepo. Sufuria ilikuwa imekombwa ikang'aa.

Chebet, ambaye ni wa Mlima Elgon na si mtu wa utani, akanishika mkono. "Nasimiyu, wacha hii kitu. Kwetu watu hawahesabiwi. Ukihesabu watu, unaita na wale hawako."

"Ati koplo mzima niogope mahindi?" nikamjibu, kwa sauti kubwa ili niisikie mwenyewe.

Wakataka tumwambie Mama Njeri. Nikakataa, nikawaambia Bwana Wafula akisikia nyumba ina mapepo hatapita hata getini, na hicho chumba tutakisikia redioni. Wakakubali kwa sababu nao walikuwa na watoto. Hapo ndipo nilipoikoroga, na bado sikujua kwamba nitainywa mwenyewe.

Jumamosi wageni wakaja mapema, ukungu haujaondoka. Bwana Wafula, mtu mnene mwenye kofia, pamoja na pasta, akina mama wa kanisa na sufuria zao, majirani waliosikia kuna gwaride, na wale wanaume wawili wa kabichi waliokuwa wameleta mboga wakaamua kubaki, bahati yangu mbaya. Tukatoka na mashati yaliyopigwa pasi, mimi kifua mbele, sauti ya kambini. Bwana Wafula akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Nikaamuru wajihesabu, na moyoni nikiomba, Mungu wangu, leo tu, ikome kwenye sita.

"Sita!" akasema Chebet, akafumba macho.

Nikaanza kupumua.

"Saba," yakasema mahindi.

Akina mama wa kanisa wakaacha kunong'ona. Bwana Wafula akavua kofia. "Arafu huyo mwingine amejificha wapi?" akauliza, akicheka, lakini hakuna aliyecheka naye. Mahindi yakatikisika, karibu zaidi. Mimi nikafanya kile nilichofundishwa kufanya lindoni mtu asiyeonekana akikaribia. Nikapaaza sauti: "Simama! Nani anakuja?"

Na kutoka kwenye ule weupe wa ukungu, polepole, kwa jibu lile lile tunalofundishwa sote, ikaja: "Rafiki."

Jamani. Mlinzi akijibiwa hivyo ana neno moja tu la kusema, nalo kila kuruta analijua hata usingizini: rafiki, sogea utambuliwe. Sikulisema. Nilisikia nywele zinasimama, nikamwona mbele yangu Akinyi akitoka kwenye mahindi na vumbi la mpakani, nikageuka nikakimbia. Nilimpita pasta, nikaruka sufuria ya chai (sikuiruka vizuri), nikaona mlango mdogo wazi nikaingia kwa kichwa, na mlango huo ulikuwa wa banda la kuku. Kuku wote wakapiga kelele pamoja. Chebet akakimbia upande wake na wengine wakamfuata, isipokuwa wawili, Nanjala na Wambui, ambao walibaki wamesimama wima kwa sababu (waliniambia baadaye) miguu ilikataa.

Nikiwa humo chini, kinyesi kwenye nyusi, jogoo mzima mgongoni mwangu, nikasikia kicheko cha wanaume wa kabichi. Na chini ya kicheko nikasikia kitu kingine. Kikohozi. Kikohozi kidogo cha kifua, cha mtoto aliyelala kwenye baridi, kile kile cha Neema mwaka tuliolala nyuma ya kanisa. Mzimu haukohoi hivyo. Nikaona haya kuliko haya ya kuku.

Nikatoka kwa magoti, manyoya mdomoni, nikasimama mbele ya umati wote, nikayaelekea mahindi. Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Rafiki," nikasema, "sogea utambuliwe."

Akatoka mwanamke mwembamba, peku, shuka mabegani, mtoto amefungwa mgongoni. Aliponiona na manyoya yangu alisimama wima kabisa. "Samahani afande," akasema. "Si kupenda kwangu. Nikisikia hesabu, mdomo inajibu yenyewe."

Aliitwa Selina. Alikuwa ametoka jeshini kama sisi, akafukuzwa nyumba ya kupanga kule Kiminini, akasikia habari za Mama Njeri na akasikia pia kwamba pamejaa. Akaja hivyo hivyo, akawa analala kwenye kibanda cha jirani cha kukaushia mahindi, asubuhi mtoto anakula uji tuliobakisha kisha anambeba mgongoni na kurudi kwa kukanyaga nyasi, asituchafulie mlango. "Kwa nini hukubisha?" akauliza Mama Njeri, na nilimwona kwa mara ya kwanza akilia. "Nilikuwa nangoja mmoja wao apate kazi, mama," Selina akajibu. "Ndio nipate nafasi."

Bwana Wafula alinitazama tangu kichwa hadi viatu. "Sasa huyu ndio atarinda maghara yangu?" Akawachukua Nanjala na Wambui, ambao hawakukimbia. Chumba cha Bungoma kikaenda hivyo, na usiombe kumweleza mtoto jambo kama hilo. Lakini vitanda viwili vilibaki wazi siku ile ile, na Selina akapewa kile cha karibu na changu. Mimi Mama Njeri aliniambia, bila hata kutabasamu, kwamba kwa kuwa nimeshazoeana na kuku, nianze nao. Nikaanza nao. Sasa nauza mayai Kitale na kila wiki napeleka mengine Bungoma (Nanjala hununua kwangu, na wenzake wananiwikia pia), na mimi na Neema tuna chumba chetu cha kupanga ambacho hajawahi kuniuliza kama tutafukuzwa humo.

Ingeishia hapo ningekuwa nacheka nanyi. Siku moja, mimi na Selina tukiokota mayai, nikamtania: "Wewe dada, ile Jumatatu ya kwanza ulinitoa roho, kumbe ulikuwa umesimama karibu vile."

Akanitazama. "Jumatatu? Mimi Jumatatu nilikuwa bado Kiminini. Nilifika huku Jumanne jioni."

Yai lilikuwa mkononi mwangu, la moto bado. Nililiweka kwenye trei taratibu, nikaokota lingine, na sikumuuliza tena.

Kwa hiyo nimeapa, mbele yenu nyote: gwaride la kufurahisha wageni sitaongoza tena hadi nizikwe, na watu siwahesabu, kuku tu, kwa macho, kimya kimya. Ila kila mwaka Mama Njeri anatuita sote tuliopita pale tupige picha, na mimi husimama mwisho wa mstari, upande wa kushoto, mbali kidogo na ukuta. Mpiga picha hunisumbua kila mara, mama, sogea huko kushoto, kuna nafasi. Namwambia apige tu, hapo pana mtu.