Wimbo wa Krismasi Uliompoteza Mama

Nyimbo za Krismasi za utoto wangu zilitufikia kwa santuri. Padre alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na baada ya Misa alituwekea kwaya za Ulaya zikiimba habari za theluji. Theluji hatukuijua. Tulidhani ni aina ya pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, kwa kuwa tuliambiwa ni nyeupe na hufunika vilima, na miaka ile ya sitini mashamba ya kwetu Manga, huko Kisii, yalikuwa meupe kwa pareto.

Lakini wimbo nilioupenda kuliko zote haukutoka Ulaya. Mama yangu aliutunga akichuma maua hayo, mdogo wangu akiwa mgongoni. Ndani yake Mtoto Yesu anamwimbia Maria:

Mama, nifunike, kilimani kuna baridi.
Mama, nifunike, wageni wako njiani.

Ila mama hakuimba "mama". Kwa Ekegusii, lugha yetu, mama huitwa "baba", na baba huitwa "tata". Basi wimbo ulianza, "Baba, baba," na kila mtu kigangoni alijua anayeitwa ni nani.

Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa mtoto wa dada yake mama. Dada huyo alifariki mapema, na mtoto akalelewa kwetu, akanyonya ziwa moja na kaka yangu mkubwa. Yeye pia alimwita mama yangu "baba".

Mwanzoni mwa miaka ya sabini alipata nafasi ya kupeleka waimbaji wachache Nairobi kurekodi. Alikuja jikoni, akaketi kwenye kigoda alichokalia tangu utotoni.

"Baba, nipe ule wimbo wa baridi."

"Utaurudisha ukiwa mzima?"

"Sitabadilisha hata neno moja."

Mama akacheka. "Wewe uliyekuwa ukibadilisha hata Salamu Maria ili umalize upesi!"

Akampa. Toka siku hiyo kila aliyepita shambani aliambiwa kwamba Krismasi Mama wa Mungu ataimbwa Kenya nzima, na kwa lugha yetu.

Santuri ilipofika, tulitembea mimi na mama hadi Kisii mjini, kwenye duka lililokuwa na spika juu ya mlango. Mama alikuwa amevaa gauni la Misa. Mwenye duka aliuweka wimbo, ukaisha, mama akaomba tena.

"Unanunua au unasikiliza tu? Sindano ya gramafoni yangu inaisha," mwenye duka akasema kwa Ekegusii.

"Sindano ni yako, wimbo ni wangu. Kila mtu atoe chake."

"Wako!" mteja mmoja akadakia. "Basi kengele ya misheni niliitunga mimi."

Watu wakacheka, na mama akacheka nao. Alikuwa amesikia "Baba, baba" ikitoka pale juu, kwa sauti ile ile aliyoitunga shambani. Yaliyofuata yalikuwa ya Kiswahili, lugha ambayo hakusoma. Akaniinamia, mimi niliyekuwa nikisoma shule ya Nyanchwa, akaniuliza wanasema nini.

Nikamfasiria nilivyosikia: Baba, tufunike, duniani kuna giza. Baba, tufunike, Mwenyezi uliye juu.

"Na Maria yuko wapi?"

"Hayumo, baba. Huyu wa wimbo ni tata."

Hakuomba kusikia mara ya tatu.

Yule mwalimu wa kwaya alikuja kututembelea juma la Krismasi, akiwa na koti jipya. Mama alimwandalia chai kwanza, ndipo akauliza, "Unaponiita baba, huwa unamwita nani?"

Aliitazama chai yake. "Baba, yule bwana wa studio si mtu wa kwetu. Alisikia 'baba', akafurahi, akasema huu ni wimbo wa Mungu Baba, akatuandikia beti za Kiswahili palepale. Ningemsahihisha, tungerudi mikono mitupu."

"Ukanyamaza."

"Neno lenyewe sikulibadilisha. Si niliahidi?"

"Hilo hukulibadilisha," mama akasema. "Ulilolibakiza ndilo ulilotumia kunitoa nje."

"Kwani Mungu Baba ni vibaya?"

"Namwomba kila asubuhi. Lakini aliyelala zizini na uchungu wa kuzaa si yeye. Wewe ulifunikwa na nani?"

Aliinuka, chai ikabaki kikombeni.

Nimeishi miaka mingi na Mungu amenitendea mema mengi. Mwalimu huyo, aliyekuwa kama kaka kwangu, nilimsamehe, na nilipiga magoti karibu na kitanda chake alipokuwa akipakwa mafuta ya wagonjwa. Ila redio inapoucheza wimbo ule Desemba, na watu wema wakaniambia jinsi unavyowagusa, mimi husikia maneno ya mama.

Krismasi ile kanisa lilijaa. Padre alisifu santuri yetu, akasema Wagusii wamemtukuza Baba wa mbinguni, akamwomba mwalimu wa kwaya atuongoze. Watu walisimama, wakaimba kwa Kiswahili walichojifunza redioni, hata majirani waliochuma pareto na mama na kuujua wimbo kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwalimu wa kwaya aliinua mikono bila kutazama benchi letu. Nilimsikiliza mama aliyekuwa kando yangu. Alilianza lile "Baba" la kwanza, akakatiza. Mlango ulikuwa wazi na upepo wa kilimani uliingia. Watu walipofika kwenye "tufunike", alivuta leso yake, akajifunika mwenyewe.