Bwawa ambalo halipo, kwenye ramani ya kwetu Ngoliba

Wakuu, habari zenu. Mnisamehe spelling, niliishia darasa la nane na naandika polepole. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni cleaner kwenye library ya chuo kikuu kimoja hapa Thika. Nimepanga chumba Kiganjo, naishi peke yangu. Kuna siku inaisha sijaongea na mtu, ila kusema "samahani" nikipitisha mop.

Mwaka huu walikuja wanafunzi watatu wa attachment, yaani mafunzo ya kazini, ya GIS. Hiyo ni kuchora ramani kwa kompyuta, ukiangalia picha zilizopigwa kutoka juu. Walikuwa wanaweka alama kila mahali penye maji, ili wenye mradi wa maji wajue ni kijiji kipi hakina, kichimbiwe kisima.

Siku moja nikipanguza meza yao, nikaona kwetu kwenye screen. Niliijua shule yetu kwa lile paa lililong'olewa upande mmoja.

Kando yake wameandika: bwawa.

Kwetu hakuna bwawa. Mama hutembea asubuhi nzima na mtungi. Ile rangi ya blue waliyoiona ni hema la kanisa letu.

Siku tatu nilipita hapo na maneno mdomoni, nikarudi nayo Kiganjo.

Ijumaa nikasikia ramani inatumwa jioni. Nikasimama na mop yangu.

"Hayo si maji. Ni kanisa."

Mmoja akacheka. "Buda, kwani huko mnabatiziwa kwa tent?"

Achieng', msichana wa Ruiru kati ya hao watatu, hakucheka. Akavuta kiti. "Kaa hapa. Unaitwa nani?"

Wakuu, miezi saba ndani ya hilo jengo, hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Kamau."

Nikaweka kidole kwenye screen. Nikamwonyesha hema, halafu mbali kabisa, pale mama anapochimba mchanga wa mto kutafuta maji. Akafuta bwawa.

Yule wa kucheka akasema, "Kamau, pole. Si ungetuambia mapema?"

Jumatatu viti vyao vilikuwa vitupu. Attachment imeisha. Ile meza niliipanguza mara mbili.

Kisima bado, na sijui kama kitakuja. Nilichojifunza ni kwamba kama unajua kwenu, sema, hata ukiwa umeshika mop.

Kuna mwingine hapa Thika ama Ruiru anafanya kazi mahali ambapo hawajui jina lake? Niandikie. Nitajibu polepole, lakini nitajibu.