Kinga ya Upepo ya Mwalimu Nathanaeli

Filemoni Chitanda alikuwa fundi wa baiskeli na pikipiki pale Masasi. Mwaka 1957, Mwalimu Nathanaeli, msimamizi wa shule za misheni, alimletea pikipiki yake. Kila wiki alipanda Newala kukagua shule, na baridi ya kule juu ilikuwa ikimwingia kifuani. Alitaka kinga ya upepo.

Kutoka Lindi zililetwa mbili: moja fupi, ya kukinga kifua tu, na nyingine pana, yenye mabawa ya bati yaliyofika magotini.

"Hii fupi yanitosha," Mwalimu alisema.

"Chukua pana, Mwalimu. Hutasikia baridi tena."

Filemoni hakusema uongo. Ila moyoni alitaka ile pana ionekane barabarani, watu waulizane nani kaifunga.

Wakati wa kuifunga, chuma cha kushikilia upande wa kushoto hakikulingana na tundu. Ilibidi atoboe upya, na Mwalimu alikuwa anangoja, kofia mkononi. Badala yake Filemoni akakikaza kwa waya, akaupaka rangi nyeusi usionekane. "Tayari," akasema.

Siku ya tatu, kwenye kona za kupandia Newala, upepo ulilipiga lile bawa la kushoto. Waya ukakatika, kinga ikalala upande, usukani ukagoma kugeuka. Mwalimu aliokotwa korongoni, mfupa wa mtulinga, pale begani, umevunjika.

Filemoni alikwenda kumjulia hali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Filemoni. Kazi yako ilikuwa nzuri. Kosa langu, nilikimbiza."

Lois, mke wa Mwalimu, akamtengea Filemoni ugali, naye akala bila kuutaja waya.

Jumapili tatu Filemoni hakwenda kupokea komunyo. Mkewe, Ethel, alipouliza, alisingizia tumbo. Jumapili ya nne alitoka kanisani moja kwa moja hadi kwa Mwalimu, akamweleza habari ya waya.

"Mwezi mzima najiona mzembe mbele ya mke wangu," Mwalimu alisema. "Nawe ulikaa hapa ukala chakula chake."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kesho kafunge ile fupi. Nitakuwepo."

Alikuja mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, akasimama mpaka boliti ya mwisho, akizigusa moja moja. Aliendelea kumletea pikipiki miaka yote, na walisalimiana vizuri. Lakini hakuketi tena kwenye benchi la karakana kupiga soga, wala Filemoni hakuthubutu kumkaribisha.