Matanga ya Darasa la Tatu

Juzi, katika ofisi ya elimu ya Kwale, nilimsikia mwalimu mkuu kutoka Gazi akimlilia karani: "Tangu taifa lifiwe na kiongozi wake, watoto wamenyamaza, na mwalimu wa darasa la tatu hashiki chaki. Nifanyeje?"

Karani akampa fomu. Mama aliyekuwa akipiga deki akacheka. "Kwenu mkifiwa mwajaza fomu, baba, ama mwatandika mkeka mkamwita mtani awachekeshe wafiwa?"

Mtani alikuwa amesimama palepale: mimi, bingwa niliyeacha shule darasa la nne! Kesho yake mwalimu mkuu akanipeleka Gazi, nikajitupa mkekani mbele ya darasa la tatu, nikamwiga mwalimu anavyolia na kupenga kamasi. Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akalia, akacheka tena, kisha akaokota chaki.

"Kaa, mtani. Twaanza hesabu."

Nikatoka mbio. Msiba naumudu, hesabu ndiyo iliyonitoa shule.